Koo ni moja, njia ni mbili: mzazi, lijue bomba la hewa la mwanao

“Kuna kitu kimemkwama kooni.”

Mzazi anapoingia zahanati mbio na mtoto mikononi, mara nyingi hayo ndiyo maneno ya kwanza kumtoka. Mwuguzi anamjibu kwa maswali. Mama, analia kwa sauti? Anakohoa? Anameza mate au yanamtoka? Mzazi anaona kama anacheleweshwa. Si ameshasema ni kooni?

Hacheleweshwi. Neno koo peke yake halimwambii mwuguzi mtoto yuko katika hatari gani, kwa sababu kutoka kooni kuna njia mbili zinazoachana. Moja inapeleka hewa kwenye mapafu, nyingine inapeleka chakula tumboni. Kitu kikiziba njia ya kwanza kabisa, mtoto anaweza kufa ndani ya dakika chache. Kikikwama katika njia ya pili, mara nyingi mzazi hupata muda wa kumfikisha mtoto hospitali. Na msaada unaofaa kwa njia moja unaweza kuleta madhara kwa nyingine.

Kwa familia za Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria, ambako samaki wenye miba hawakauki mezani na karanga huuzwa kila kona, kuzijua njia hizi kwa majina yake ni sehemu ya malezi.

Majina yaliyopo

Njia ya chakula ina jina lake safi: umio. Ni neno lenye ndugu wengi katika lugha za Kibantu. Ng’ambo ya ziwa, Waganda huiita omumiro, na kumeza wao husema okumira. Kwa hiyo jina lenyewe linataja kazi: umio ni mahali pa kumezea.

Njia ya hewa haikupata bahati hiyo. Kitaalamu inaitwa trakea, na hilo ndilo jina litakaloonekana kwenye karatasi za hospitali. Limetoka kwa Wagiriki wa kale, walioiita mshipa wa kukwaruza kwa sababu si laini, ina mapingili. Wapo wanaosema bomba la hewa au bomba la pumzi. Mitaani wengi husema koromeo, neno ambalo sikio husikia ndani yake kukoroma.

Shida ya koromeo ni kwamba halina mpaka. Mmoja hulitumia kwa bomba la hewa, mwingine kwa kile kifundo kinachotokeza shingoni mwa mwanamume, mwingine kwa koo lote, umio ukiwamo. Wapo pia wanaosema roho, kama katika kumkaba mtu roho, yaani kumbana pale pumzi inapopita.

Neno koo nalo linahama kila siku. Mtu akisema anaumwa koo, mara nyingi ni mafindofindo, huko juu kabisa nyuma ya ulimi. Akisikia saratani ya koo, mara nyingi kinachosemwa ni saratani ya umio. Na mama anayempeleka mtoto kliniki kwa chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 anaambiwa kwamba mojawapo ya magonjwa yanayokingwa ni dondakoo. Ugonjwa huo hutandaza utando mzito kooni, na utando ukishuka kwenye bomba la hewa mtoto hukosa pumzi. Jina linasema koo, lakini kinachotishia uhai hapo ni njia ya hewa kuziba.

Ndiyo maana nyumbani ni vyema kutumia maneno mawili yasiyochanganya: bomba la hewa na umio. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuyashika, na bibi pia.

Bomba lenyewe likoje?

Mzazi aweke vidole viwili mbele ya shingo yake, chini ya kile kifundo, juu ya kishimo kilicho kati ya mifupa ya mabega. Atagusa kitu kigumu chenye mapingili. Hilo ndilo bomba la hewa. Kwa mtu mzima lina urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi, na linashikiliwa na pete 16 hadi 20 za gegedu, ule mfupa laini kama wa sikio. Pete hizo huliweka wazi muda wote, usiku na mchana, maana hewa haisubiri.

Umio uko nyuma yake, umelalia uti wa mgongo. Wenyewe ni laini na hulala bapa ukiwa hauna kitu. Chakula kikija hutanuka, kisha hukisukuma kwa misuli yake mpaka tumboni.

Anayemtengeneza kuku jikoni ameshaziona njia zote mbili, hata kama hakuzipa majina. Ule mrija mgumu wenye mapingili, usiobonyea kirahisi, ni wa hewa. Ule laini unaoelekea kwenye mfuko wa nafaka ni wa chakula. Mafunzo ya kuchinja katika Uislamu nayo huzitaja kila moja kwa jina lake la Kiarabu: hulqum ni njia ya pumzi, marii ni njia ya chakula. Mchinjaji hafundishwi “koo” kwa jumla. Anafundishwa njia mbili.

Kwa mtoto mambo ni yale yale, ila kila kitu ni kidogo. Madaktari wanapotaka makadirio ya haraka ya upana wa njia ya hewa ya mtoto, huangalia kidole chake kidogo cha mwisho. Mzazi amshike mwanawe wa mwaka mmoja na nusu mkono, akitazame kidole hicho, kisha aweke punje ya karanga pembeni yake. Hapo hahitaji maelezo mengine.

Njia panda

Chakula na hewa hupita mlango mmoja wa juu, kisha huachana. Waswahili wana neno zuri, kidakatonge, kwa ile nyama ndogo inayoning’inia nyuma ya kinywa, ambayo pia huitwa kimeo. Jina linadokeza kwamba ndiyo inayodaka tonge. Kwa kweli mlinzi wa bomba la hewa yuko chini zaidi, kwenye shina la ulimi. Ni kifuniko kidogo kinachoitwa epigloti. Mtu akimeza, sanduku la sauti hupanda juu, kifuniko hulala, mlango wa hewa hufungwa, na tonge hupita nyuma kwenda kwenye umio.

Kazi hiyo huchukua muda mfupi sana na hufanyika mara nyingi kwa siku bila mtu kufikiri. Huharibika pale mtu anapovuta pumzi wakati chakula kinapita. Kucheka, kulia, kukimbia na kuongea vyote huvuta pumzi. Wazee waliposema “usiongee ukila”, wengi walidhani ni adabu tu. Ni adabu yenye sababu shingoni.

Karanga upande huu, sarafu upande ule

Mwaka 2011 madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando jijini Mwanza walichapisha taarifa ya wagonjwa 98 waliotolewa vitu vilivyonasa katika njia ya hewa au njia ya chakula. Wengi wao walikuwa watoto wadogo sana. Katika njia ya hewa, kitu kilichoongoza kilikuwa karanga, na trakea ndiyo mahali palipoongoza kwa kunasa. Katika umio, kilichoongoza kilikuwa sarafu.

Mgawanyo huo una maana yake. Karanga ni ndogo, nyepesi na inateleza, kwa hiyo huvutwa na pumzi. Mtoto wa chini ya miaka miwili bado hana magego yote ya kuisaga, hivyo huigawa vipande kwa meno ya mbele na kuviacha vikizunguka mdomoni. Akicheka tu, kipande kinaingia kwenye bomba la hewa. Kikifika huko hulowa na kuvimba, na mafuta yake huwasha nyama za ndani.

Sarafu ni pana na bapa. Mtoto huimeza, na hunasa mwanzoni mwa umio, mahali panapobana. Mara nyingi anaendelea kupumua, ila hawezi kula, udenda unamtoka na anaonyesha shingo kuwa inauma. Hata hivyo kitu kikubwa kwenye umio kinaweza kulibana bomba la hewa kwa nyuma, kwa sababu zile pete hazikuzunguka mviringo mzima. Upande wa nyuma, unaogusana na umio, ni laini.

Kapaliwa au kimemkwama?

Kiswahili hakikugawa vizuri majina ya njia hizi, lakini vitendo vyake viko wazi zaidi. Kupaliwa ni kitu kupita njia isiyo yake: maji, chai au punje inaingia upande wa hewa, mtu anakohoa mpaka machozi. Kukwamwa au kusakamwa, kwa kawaida, ni kitu kunasa kisishuke.

Mzazi akiyatumia maneno haya kwa makini, amemsaidia mhudumu kuanza mahali sahihi. “Nesi, alikuwa anakula karanga anacheka, akapaliwa, akakohoa sana, sasa pumzi zinapiga filimbi.” Sentensi hiyo inaelekeza kwenye bomba la hewa. “Nesi, amemeza shilingi mia, analia kwa sauti, lakini hamezi hata mate.” Hiyo inaelekeza kwenye umio. Zote mbili ni za kwenda hospitali bila kungoja. Ya kwanza inaweza kugeuka kuwa ya dakika.

Pumzi ikikatika

Aliyepaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, analia au anaongea, aachwe akohoe. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wa mtu yeyote. Asipewe maji, asitiwe kidole mdomoni, asining’inizwe miguu juu.

Hatari kubwa ni ukimya. Mtoto hakohoi kwa sauti, halii, anafungua mdomo bila kutoa kitu, midomo inaanza kuwa ya bluu au kijivu. Hapo hakuna muda wa kutafuta bodaboda kwanza. Mmoja aite msaada na usafiri, mwingine aanze kazi.

Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja: alazwe kifudifudi juu ya mkono wa mzazi, kichwa kiwe chini kuliko kifua, taya limeshikwa vizuri bila kubana koo. Apigwe mara 5 kati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Kisha ageuzwe chali, kichwa kikiwa bado chini, na abonyezwe katikati ya kifua mara 5. Irudiwe hivyo mpaka kitu kitoke au alie. Mtoto wa umri huu habanwi tumbo.

Kwa mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja: ainamishwe mbele, apigwe mara 5 kati ya mabega. Isiposaidia, mzazi apige magoti au asimame nyuma yake, aweke ngumi kati ya kitovu na mwisho wa mfupa wa kifua, aishike kwa mkono wa pili, kisha avute ndani na juu kwa ghafla mara 5. Abadilishane: mgongo 5, tumbo 5.

Akizimia, alazwe chali mahali pagumu na aanzishiwe huduma ya kumrudishia pumzi na mapigo ya moyo, kwa anayeijua. Mdomo uangaliwe. Kitu kinachoonekana kitolewe, kisichoonekana kisitafutwe kwa kidole, maana kidole kipofu hukisukuma ndani zaidi. Na hata kitu kikitoka, mtoto aliyebanwa tumbo afikishwe hospitali akaangaliwe.

Kwa familia ya Ukerewe au kisiwa kingine, ambako safari ya hospitali kubwa huanza kwa kusubiri chombo cha majini, hatua hizi ndizo zilizo karibu. Inafaa kila anayebaki na mtoto azijue: baba, dada wa kazi, bibi, kaka mkubwa. Mwuguzi wa kliniki anaweza kuombwa azionyeshe kwa vitendo siku ya kupima uzito.

Mwiba wa sato na tonge la ugali

Ukanda wa ziwa una tiba yake ya mwiba wa samaki: “Meza tonge kubwa la ugali, bila kutafuna.” Wapo waliofanya hivyo na mwiba ukashuka, ndiyo maana ushauri haufi. Lakini anayejua njia mbili anaona tatizo lake. Mwiba ukiwa umechoma nyama za koo au ukuta wa umio, tonge huusukuma uzame zaidi au uchane. Na mtoto aliyekwisha kuogopa, anayelia, akilazimishwa kumeza tonge zima, anaweza kupaliwa nalo. Hapo shida ya umio imegeuzwa kuwa shida ya bomba la hewa.

Mwiba unaoonekana wazi nyuma ya ulimi, na mtoto ametulia, mhudumu wa afya anaweza kuutoa kwa kibano. Usioonekana, huku mtoto akisikia kuchomwa kila akimeza, ni wa hospitali. Akitema damu, akivimba shingo au akipata homa, ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna kimoja kisichongoja kabisa: betri ndogo za duara, zile za saa, rimoti na midoli. Zikinasa kwenye umio huanza kuuchoma ndani ya saa mbili, hata kama mtoto anacheza kama kawaida. Akishukiwa kumeza betri hiyo, safari ianze mara moja.

Kikohozi kisichoisha na kimeo kisicho na hatia

Si kila karanga inayoingia kwenye bomba la hewa huua papo hapo. Nyingine hupita na kunasa kwenye tawi la bomba hilo ndani ya kifua, mara nyingi la kulia, kwa sababu tawi la kulia ni pana na limenyooka zaidi. Mtoto anapaliwa, anakohoa, kisha anatulia. Mzazi anashukuru Mungu na kusahau. Baada ya siku au wiki, kikohozi kinarudi, pumzi zinapiga filimbi upande mmoja, homa inakuja na kuondoka, dawa za nimonia zinasaidia kidogo kisha hali inarudi pale pale.

Hapa ndipo majirani husema: “Huyo ana kimeo, apelekwe akakatwe.” Kimeo ni kiungo cha kawaida, kila mtu anacho. Kukikata kwa wembe au kisu cha mganga hakuondoi kitu kilicho kifuani. Kunaleta maumivu, kutokwa damu na hatari ya maambukizi, na siku zinazidi kupotea wakati karanga iko pale pale.

Swali moja linaweza kufupisha safari hiyo yote: kabla ya kikohozi kuanza, kuna siku mtoto alipaliwa? Mzazi amwambie daktari hata kama ni mwezi uliopita, hata kama hakuulizwa. Karanga haionekani kwa urahisi kwenye picha ya eksirei kama sarafu, kwa hiyo maelezo ya nyumbani yana uzito mkubwa.

“Wanataka kumtoboa koo”

Wakati mwingine daktari hulazimika kufungua tundu dogo mbele ya shingo, chini ya sanduku la sauti, na kuweka mrija ili mgonjwa apumue. Hiyo ni trakeostomia, na Bugando huifanya. Habari ikifika nyumbani inakuwa “mtoto anatobolewa koo”, na ndugu wanasikia kisu cha kuchinja. Wapo wanaogoma kutia saini huku pumzi zinakatika.

Ikiitwa kwa jina lake, inatisha kidogo zaidi ya haki yake, lakini inaeleweka. Kinachofunguliwa ni bomba la hewa peke yake. Umio hauguswi. Tundu ni mlango wa muda, na kwa wengi sababu ikiisha mrija hutolewa na tundu hufunga. Sauti hupungua au hukosekana kwa kipindi hicho, kwa sababu hewa hutoka chini ya sanduku la sauti. Si kwamba mtoto amekuwa bubu.

Ya kufanya nyumbani

Karanga nzima, bisi na peremende ngumu zisipewe watoto wa chini ya miaka mitano. Karanga zisagwe: zikiwa zimeungwa kwenye mboga au kwenye michembe iliyopikwa ikalainika, mtoto hapotezi chakula chake. Sato achambuliwe kwa vidole, si kwa macho tu, na apewe sahani ya mtoto miba ikiwa imeisha. Sarafu na betri zisiachwe pembeni ya kitanda. Mtoto ale amekaa.

Na siku ya kuku, kabla shingo haijaingia chunguni, watoto waitwe waone. Hili gumu lenye pete ni bomba la hewa. Hili laini ni umio. Waguse, wataje majina, kisha wapapase shingo zao wenyewe. Ni somo la dakika mbili, na mtoto aliyelipata, siku mdogo wake akipaliwa, atamwambia mama kwa maneno yanayotosha.